Kazi tunazopewa darasani: nani anazipima?



Kila juma sisi wanafunzi tunapimwa. Siku ya kwanza intero ya hesabu, siku ya tatu intero ya kifaransa, siku ya tano devwari ya biolojia. Tunapewa pointi, pointi zinaingia katika buletini, buletini inakwenda mikononi mwa baba, na kule nyumbani kila mtu anajua itakavyokuwa. Hapo hakuna shida, shule ni vile. Lakini tuna ulizo moja ambalo tumelishika moyoni tangu mwanzo wa mwaka: mwanafunzi anapimwa kwa kazi, na kazi yenyewe nani anaipima?

Tusieleweke vibaya. Hatukuja kuhukumu walimu. Sisi tunaoandika ni wa mwaka wa 4 wa pedagojia, na mwaka huu tulikwenda staji katika shule ya msingi. Kule tumeonja pilipili ya kusimama mbele ya watoto sitini, chaki moja mkononi. Tunajua uzito wake. Lakini ni staji ile ile iliyotufungua macho. Juu ya kila somo tuliandika fishi, na katika fishi kuna mstari ule ambao kila mwalimu anaujua: «Mwisho wa somo, mwanafunzi ataweza kufanya jambo fulani.» Mwalimu aliyetuongoza alikuwa akituuliza kila siku: «Umesema mtoto ataweza kupima urefu wa meza. Basi juu nini ulizo lako la mwisho ni ‘Metre ni nini?’ Wapi meza? Wapi kupima?» Tulipata haya. Tuliahidi jambo moja na kuuliza lingine.

Tuliporudi, wadogo zetu wa mwaka wa 7 na wa 8 walituletea kaye zao ili tuwasaidie, sawa kawaida. Safari hii tukazisoma kwa macho mengine.

Kile tulichoona mu kaye

Tuchukue intero moja tu ya biolojia, juu ya malaria. Maulizo ni kumi. Malaria ni nini? Taja dalili nne za malaria. Taja jina la mbu anayeleta malaria. Taja njia tatu za kujikinga. Na kuendelea vile vile mpaka la kumi. Maulizo manane kati ya kumi yalianza na «taja» ao «ni nini». Majibu yote yalikuwa katika kaye, neno kwa neno, ukurasa mmoja. Mdogo wetu alipata 9 juu ya 10. Tukamsifu. Kisha tukamwuliza kwa mdomo: «Nyumbani kwenu mnalala ndani ya chandarua?» Akajibu: «Hapana, mama alikifungia kuku.» Hakucheka. Hakuona kama kuna kitu kati ya ile 9 na wale kuku.

Hapo ndipo tulipoogopa. Si kama mtoto ni mjinga, hapana, ana akili kutushinda. Alifanya kabisa kile alichoombwa. Kazi haikumwomba aone kwao. Ilimwomba kushika kwa kichwa, akashika.

Mtu atasema, mambo madogo. Sivyo. Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa 2, mwaka wa 2014, iliunganisha miaka hii miwili na ile sita ya msingi, ikawa elimu ya msingi ya miaka 8. Zamani wakubwa wetu waliiita C.O. Mwisho wa mwaka wa 8 ndipo njia inagawanyika: huyu pedagojia, huyu sayansi, huyu biashara, huyu ufundi. Na mwingine, tuseme ukweli, hana njia tena. Feza imekwisha, anabaki shambani, anakwenda mgodini, ao anaolewa. Kwa huyu, kile alichofanya katika mwaka wa 7 na wa 8 ndicho shule yote atakayokuwa nayo mpaka uzee. Kama alijifunza kutaja tu, ataendelea kutaja tu.

Kipimo kipo tayari

Hatukutunga kipimo chetu. Kiko. Ya kwanza, programu. Tangu mwaka wa 2018 programu mpya za hesabu na sayansi za mwaka wa 7 na wa 8 zinaomba somo lianze na jambo la maisha, kisha mwanafunzi atende, kisha apimwe kwa jambo lingine linalofanana na lile. Ndiyo maana wanasema ni njia ya «situation». Ni kusema, serikali yenyewe inaomba zaidi ya kutaja.

Ya pili, fishi ya mwalimu. Neno lile la kutenda (kupima, kulinganisha, kueleza, kuchora) ni ahadi. Kazi ni kulipa ile ahadi.

Ya tatu, ngazi ya Bloom, ambayo sisi wa pedagojia tunaijifunza. Mmarekani Benjamin Bloom na wenzake waliitoa mwaka wa 1956, na mwaka wa 2001 Anderson na Krathwohl waliitengeneza upya. Leo vipandio vyake sita ni hivi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kupima thamani, na kuumba jambo jipya. Mtu hafiki kipandio cha tatu bila kukanyaga cha kwanza. Kwa ile hatusemi kukumbuka ni kubaya. Mtoto asiyejua 7 mara 8 kwa kichwa atateseka siku zote. Tunasema tu: ngazi haikusimamishwa ili watu wakae kwenye kipandio cha kwanza wakipiga habari.

Kwa hivi vitatu tulijitengenezea maulizo matano. Mwenye kutaka kupima kazi yoyote, ayaulize:

1. Kazi hii inaomba lile ambalo somo liliahidi, ao lingine?
2. Mwanafunzi anaweza kuimaliza kwa kukopia tu kutoka kaye, bila kufikiri?
3. Kabla ya kuanza, mwanafunzi anajua ni kitu gani kitampa pointi?
4. Mtoto asiye na kitabu, asiye na simu, anayesomea taa ya mafuta, ataweza kuifanya?
5. Kisha kukosoa, kazi itarudi na neno la kumwonyesha njia, ao itarudi na namba nyekundu peke yake?

Ulizo la pili tunaweza kulijaribu sisi wote bila mwalimu. Asubuhi, kabla kengele haijalia, mnajua kile kinachofanyika nyuma ya darasa. Mmoja amefanya devwari, makumi wanakopia juu ya magoti. Tunaadhibiwa kwa ile, na ni haki. Lakini angalieni: kama kazi inaweza kukopiwa na watu arobaini kwa dakika kumi, kazi ile imejipima yenyewe. Haikuomba kichwa cha mtu yeyote. Devwari inayosema «eleza namna maji yanavyofika nyumbani kwenu, na uonyeshe mahali ambapo yanaweza kuchafuka» utaikopia namna gani? Kisima chako si kisima changu.

Mwalimu aliyejaribu

Sasa tutasema jambo ambalo litatuumiza sisi wenyewe, lakini tumekatana shauri tusilifiche.

Siku zilizopita, profesa mmoja wa hesabu alijaribu. Alikuwa amefundisha mambo ya uwiano, ile hesabu ya tatu. Katika intero hakuuliza «uwiano ni nini». Aliandika ubaoni jambo kama hili: Mama mmoja amenunua gunia la unga kwa franka 90 000. Amelipa franka 5 000 za kubebesha. Gunia linatoa mikebe 42. Mama anataka faida ya franka 10 000. Mkebe mmoja auze bei gani? Kisha mvua ikalowesha mikebe 2 ikaharibika. Sasa auze bei gani? Umshauri, na useme sababu.

Mnajua kile kilichofuata? Darasa lote likapiga kelele: «Profesa, hiyo haiko mu kaye!»

Kweli, haikuwa mu kaye. Ilikuwa sokoni, mahali ambapo nusu ya darasa wanakwenda kila siku ya posho kusaidia mama zao. Sehemu ya kwanza ni hesabu ya mtoto: 90 000 na 5 000 na 10 000 ni 105 000. Ukigawanya kwa 42 unapata 2 500. Sehemu ya pili ndiyo ina mfupa: 105 000 kwa mikebe 40 ni 2 625, na hakuna muuzaji atakayepata franka 25 ya kurudisha. Auze 2 600? Atapata 104 000, faida inabaki 9 000. Auze 2 700? Atapata 108 000, lakini wateja wataenda kwa jirani. Mwanafunzi achague na aseme sababu. Hapo ndipo mwalimu angeona nani ameelewa, nani ameshika maneno tu.

Wengi walianguka. Chini ya 5 juu ya 10. Kesho yake wazazi wawili walifika shule kulalamika kama profesa anawaonea watoto. Sisi wanafunzi tulinung'unika kila mahali, hata kwenye njia ya mto. Intero iliyofuata, profesa aliuliza: «Uwiano ni nini? Taja sifa zake.» Tukapata 8, tukapata 9. Wazazi wakatulia. Wote wakafurahi.

Ndugu zetu, nani alishinda pale? Si sisi. Kaye ndiyo iliyoshinda. Na sisi wenyewe ndio tulioipigia makofi. Kwa hiyo tusimweke mwalimu peke yake kizimbani. Kazi nyepesi zinapendwa na wanafunzi, zinapendwa na wazazi, na zinapunguzia mwalimu usiku wa kukosoa. Sisi wote tumekula katika sahani ile.

Wanaotupinga

Tuliwasomea wengine maneno haya kabla ya kuyatoa, na wengine walitupinga. Tunaweka hapa maneno yao kwa sababu yana uzito.

Wa kwanza alisema: «Mtihani wa Serikali unauliza kuchagua jibu, basi tuwazoeze watoto kuchagua.» Ni kweli Exetat, tangu ilipoanza mwaka wa 1967, imetufanya wote kuota herufi za majibu. Lakini chukueni karatasi za miaka iliyopita muangalie vizuri. Katika hesabu na fizika huwezi kuchagua kabla ya kufanya hesabu. Katika kusoma maandiko, jibu haliko katika kaye, liko katika maandiko ambayo hujayaona. Ulizo la kuchagua linaweza kupanda ngazi vilevile. Tena dissertasio haina herufi za kuchagua. Mwenye kuzoea kutaja tu atafika mbele ya ukurasa mweupe na biki itakauka.

Wa pili alisema: «Madarasa yamejaa. Nani atakosoa maelezo ya watoto sitini?» Hii ndiyo kubwa, na hatutaki kuicheza. Profesa mwenye madarasa matano ana karatasi mia tatu, na huyo ana shamba, ana watoto, na mshahara wake tunaujua. Lakini tufikiri: maulizo kumi ya kutaja, mara sitini, ni majibu mia sita ya kusoma. Jambo moja lenye sehemu tatu, mara sitini, ni mia na makumi munane. Na likifanywa na watu wanne wanne, karatasi zinakuwa kumi na tano. Kazi nzuri si lazima iwe kazi ndefu.

Wa tatu alisema: «Hakuna vitabu. Kama mwalimu haandikishi, mtoto atasoma nini?» Ni kweli. Kuandika kutoka ubaoni kutabaki mpaka siku vitabu vitakapofika. Lakini kuandika ni kupokea chakula tu. Si kula. Mwalimu akibakisha dakika kumi na tano za mwisho kwa ajili ya jambo moja la kufikiri, saa yote inabadilika.

Wa nne alikuwa mzazi. Alisema: «Mimi nataka kuona pointi.» Baba, tunakuheshimu. Lakini siku mtoto wako atakapokusaidia kupima shamba ili usidanganywe na mnunuzi, utaona pointi ambayo haiandikwi katika buletini.

Tunaomba nini

Hatuna uwezo wa kuamuru mtu. Tunaomba, kama watoto wanavyoomba kwa wazazi wao.

Kwa walimu wetu: katika kila intero ya pointi 10, muache 4 kwa kukumbuka, 4 kwa kutumia jambo katika hali mpya, na 2 kwa kusema sababu. Vile hata aliye mdhaifu hatakata tamaa, na aliye na akili atapata mahali pa kuonyesha. Tena mtuambie mbele: «Katika kazi hii nitaangalia hesabu, nitaangalia sababu, sitaangalia uzuri wa mwandiko.» Kazi ikirudi, hata neno moja kando linatosha: «Angalia mstari wa tatu.» Namba peke yake haifundishi.

Kwa Bwana Prefe na wakubwa wa shule: walimu wa branshi moja wanapokutana, waweke mezani intero moja tu, bila jina la aliyeitunga, waipime kwa maulizo yale matano ao kwa mengine bora zaidi. Si kwa kutafuta kosa. Hata fundi mbao anaonyesha kiti chake kwa fundi mwenzake kabla ya kukipeleka sokoni. Na siku profesa atakapojaribu kazi mpya na pointi zikashuka, mumsimamie mbele ya wazazi. Asiachwe peke yake sawa yule tuliyemsimulia.

Kwa wakubwa wenzetu wa humaniti: tuache kuwafanyia wadogo devwari zao. Mara mingi wanatuletea kaye, tunaandika jibu haraka juu ya kutaka kwenda kucheza mpira. Tumwulize mtoto: «Wewe unaona namna gani?» Kisha tunyamaze, hata kama ananyamaza muda mrefu.

Na kwa sisi wote, wa mwaka wa 7 mpaka wa mwisho: neno lile «haiko mu kaye» tulizike. Tulisemee mazishi ya heshima, tusirudi kulifukua. Mambo mingi yanayotungoja inje ya ua hili hayako mu kaye. Ugonjwa hauji na fasili yake. Mnunuzi mjanja haji na kanuni yake. Barua ya kuomba kazi haina mfano ubaoni.

Mdogo wetu yule wa 9 juu ya 10, tulimpa kazi ndogo. Tulimwambia: «Andika mistari mitano kwa mama yako juu ya chandarua. Mweleze, na umwonyeshe njia nyingine ya kufungia kuku.» Akakaa. Akauliza: «Juu nini mbu wa malaria anauma usiku?» Akauliza tena: «Na lile shimo la matofali nyuma ya nyumba, maji yake ni ya mbu huyo?» Maulizo mawili kwa robo saa, na katika intero nzima hakuwa ameuliza hata moja. Alikwenda na karatasi yake. Siku ya kwanza akarudi kutuambia kama baba yake alikata fito za kujenga banda la kuku, na chandarua kimefuliwa, kimewekwa juu ya kitanda cha wadogo.

Hatukumpa pointi. Hakuuliza.

Asiyekubali maneno haya, mwanafunzi ao mwalimu, kurasa za gazeti letu ziko wazi. Aandike, tutasoma kwa heshima. Lakini kabla ya kuandika, tunamwomba achukue intero yake ya mwisho, ile aliyoifanya ao aliyoitunga, na aipitishe katika yale maulizo matano.

Sisi, wanafunzi wa mwaka wa 4 pedagojia